Pikapu Niliyoitibu kama Maksai

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika Bariadi, nami nikanunua pikapu kuukuu na kujiona tajiri. Usukani ulikuwa umelegea mno. Nililazimika kuuzungusha robo nzima ya mzunguko kabla magurudumu hayajapata habari. Mimi, niliyekulia nyuma ya jembe la ng'ombe, nilijua dawa: maksai wakivuta upande, unawabadilisha nafasi kwenye nira. Nikahamishia tairi la kushoto kulia, na la kulia kushoto. Pikapu ikazidi kutangatanga njia nzima ya Nkoma kama mlevi anayetoka kilabuni.

Mwishowe mke wangu akakaa kwenye usukani, akawa anautikisa, nami nikalala chini ya gari kutazama. Kichwa cha tairodi, kile chuma kinachounganisha usukani na gurudumu, kilikuwa kinacheza kama jino la bibi kizee. Nikaweka kipya, tukaondoka kwa mbwembwe.

Lakini mikono yangu ilishazoea kuhangaika. Nikauzungusha usukani robo nzima kama zamani, na safari hii ukanitii papo hapo. Tukaishia katikati ya pamba ya jirani.

Mke wangu akajipangusa vumbi usoni.

"Baba watoto, lala tena chini," akasema. "Sasa nikutikise wewe, tuone palipolegea."