Dirisha la Mkono Mmoja

Jikoni kwa shangazi yangu kuna dirisha la basi. Sisemi linafanana na la basi; ni la basi lenyewe, na reli zake mbili, raba nyeusi pembeni, na kibandiko chekundu chini ya kioo: USITOE KICHWA WALA MIKONO NJE. Tulipokuwa wadogo, likizo ikifika tunapelekwa kwake, naye alikuwa akitupitishia sahani hapo dirishani, mikono yote miwili nje, huku sisi uani tukimsomea kibandiko kwa pamoja kama tuko darasani.

"Dereva ni mimi," anajibu. "Kuleni."

Mpaka leo nikisikia kioo kikiteleza kwenye reli, ule mlio wa tra-ta-ta unaoishia na tak, njaa inaniuma hata kama nimetoka kula sasa hivi.

Shangazi alifanya kazi kwenye karakana ya kuunda bodi za mabasi. Aliingia kama mshonaji wa viti, akatoka kama fundi madirisha. Katikati ya hayo mawili kuna kisa ambacho kwetu kimesimuliwa hadi kikatoka vipara, na kila msimuliaji anakiongezea nywele zake. Mimi nawapa kile cha shangazi mwenyewe.

Alikuwa mke mpya wa fundi bomba aliyepata kazi mbali. Mtoto wake wa kwanza, huyu ambaye mimi namwita dada, alikuwa bado hajaota hata jino. Siku ya safari bibi, mama yake shangazi, aliagia nyumbani. Magoti yalimsumbua, akasema stendi ni mbali, akawapa baraka zake mlangoni, basi. Shangazi akapanda basi, akakaa dirishani, mtoto kamwegemeza kwenye mkono. Mara akamwona bibi. Anakuja nusu akikimbia, magoti na yote, kilemba kimeteleza mpaka sikioni. Alifika chini ya dirisha, akawa anagonga kioo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ananyoosha kidole chini, midomo inakwenda.

Madirisha ya siku zile yalikuwa na makomeo mawili, moja juu na moja chini ya fremu. Ilibidi uyabonyeze yote kwa pamoja ndipo kioo kisogee. Shangazi mkono mmoja umejaa mtoto. Akibonyeza la juu, la chini linashika. Akienda la chini, la juu limesharudi mahali pake. Jirani yake kitini alikuwa baba mmoja aliyelala kama vile amelipwa kulala. Injini ilikuwa inanguruma, kioo kinene, sauti ya bibi haikupita hata tone. Basi likaondoka, na bibi akabaki pale pale, kidole chini.

Kabla shangazi hajapata nafasi ya kurudi, bibi alifariki.

Kwa hiyo ukoo mzima ukabaki na kidole kisicho na maneno, na mnajua ukoo ukiachiwa kitu kama hicho. Baba mkubwa alitangaza ni suala la ardhi. "Mama alionyesha chini. Chini kuna nini? Kiwanja." Na kwa maelezo yake, kiwanja chenyewe ni kile cha nyuma ya nyumba, na mwenye kupewa ni yeye, ingawa kidole hakikutaja jina la mtu. Baba yangu, ambaye ni kitinda mimba na hajawahi kuheshimu kitu, alisema bibi alikuwa anadai sufuria yake kubwa.

"Uliificha chini ya kiti," alimwambia shangazi kila tulipokutana. "Mama akaiona. Alikuwa anasema, shusha sufuria yangu, mwizi we."

Shangazi alicheka nao. Lakini kuna kicheko kinachotoka mdomoni kikaacha tumbo vile vile. Mara nyingi nilimkuta jikoni anafungua lile dirisha na kulifunga, hana sahani, hana mtu uani. Ukimuuliza anasema, "Sijui aliniambia nini," kwa sauti ile ile ya mtu anayesema sijui chumvi nimeiweka wapi.

Alipopata kazi karakana, wiki ya kwanza tu, alipita akiwa na vitambaa vyake vya viti akawaona mafundi wanafunga makomeo mawili mawili. Akaweka vitambaa chini. Msimamizi wao alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Rula, kwa sababu alikuwa nayo mfukoni hata akienda msibani.

"Mzee, hili dirisha nani analifungua?" shangazi akamuuliza.

"Abiria."

"Kwa mikono mingapi?"

"Miwili. Abiria ana mikono miwili, mama."

"Huyo ni abiria wa kiume," shangazi akasema.

Mafundi wakacheka, Rula akamrudisha kwenye cherehani. Kesho yake alikuja na mfuko wa unga alioujaza mchanga, ameuviringisha kwenye taulo la njano, ameupakata. Akaingia nao kwenye basi lililokuwa linamaliziwa, akaketi, akamwambia Rula mbele ya watu, "Haya mzee, nipokee mtoto, kisha fungua dirisha." Rula, ili aonyeshe kwamba hatishwi na mwanamke, akaupokea. Alibonyeza juu, akabonyeza chini, akajaribu kiwiko, akajaribu kidevu. Mwishowe mfuko ukamponyoka ukapasuka miguuni pake.

Shangazi akautazama mchanga sakafuni. "Umeniulia," akasema.

Rula alikuwa na ukali wote, lakini hakuwa mjinga. Alimpa meza pembeni na vyuma chakavu. Shangazi alisumbuka navyo muda mrefu, akavunja springi nyingi, akajikata vidole mpaka akawa anashona viti huku vimefungwa vitambaa. Alichotoa mwishoni kilikuwa komeo moja la katikati. Nyuma yake kuna springi, na vijiti viwili vya chuma vinavyokwenda kwenye pini ya juu na ya chini. Kidole gumba kinasukuma, pini zote mbili zinatoka kwa mpigo, na vile vidole vinne vilivyobaki vinavuta kioo. Reli akaitia meno, ili kioo kibaki pale ulipokiacha hata gari likirukaruka barabarani.

Mfuko wa mchanga ulishonwa ukarudi kazini. Mafundi waliuita Mtoto Mchanga, na kwa kuwa ndani ulikuwa mchanga mtupu hakuna aliyeweza kubisha. Hakuna basi lililotoka getini kabla shangazi hajapita kiti kwa kiti, mtoto mkononi, akifungua na kufunga. Wanamsalimia, "Shikamoo mama, mtoto hajambo?" Anajibu, "Hajambo, ila anakula sana." Dirisha likikataa mkono mmoja, linang'olewa. Lile la jikoni ndilo la kwanza kukubali. Rula alimpa siku yeye Rula anastaafu, akajifanya anamtaka amwondolee takataka.

Nawaambia, kuna wakati ungekaa stendi yoyote asubuhi ungesikia kazi ya shangazi. Tra-ta-ta, tak. Mikono nje, mikono ndani, mikate inapita, mtu anapewa funguo alizosahau, mtu anapewa busu, mtu anatukanwa na mkewe mpaka basi linakata kona. Sasa mabasi ni ya vioo vizima, baridi ndani kama kwenye friji, na watu wanaagana kama samaki: midomo inafunguka, sauti haitoki.

Sasa dada. Naye amekua, ameolewa, amezaa, na kama vile ukoo wetu umelogwa na vituo vya kazi, mume wake naye kapata kazi mbali. Alikuja kujifungulia kwa mama yake, na sasa ilikuwa zamu yake kuondoka na mtoto mkononi. Yeye alitaka basi jipya. Shangazi akakataa katakata. Kampuni moja ilikuwa bado inaendesha basi kuukuu kwenye njia ile, lenye madirisha aliyoyafunga mwenyewe.

"Mama, lile basi lina umri wangu."

"Na wewe mbona bado unatembea."

"Basi jipya lina hewa baridi."

"Sitaki kukuaga kupitia ukuta, mwanangu," shangazi akasema, na hapo hakukuwa na mzaha tena. Dada alijua anachosema. Sote tulijua. Akakata tiketi ya basi kuukuu, kiti cha dirishani, upande wa kivuli.

Tulifika stendi mapema, mimi nimebebeshwa kila kitu isipokuwa mtoto. Dada akapanda, akakaa, akampakata mtoto. Shangazi akasimama chini ya dirisha na mkoba wake, uso umejaa furaha ya fundi anayekuja kuionea fahari kazi yake.

Dada akabonyeza. Kioo hakikusogea. Akabonyeza tena, akatutazama, akatikisa kichwa.

Shangazi akasogea akakitazama kioo kwa karibu, na nikaona uso unabadilika. Kulikuwa na skrubu imekazwa kwenye reli, imepita hadi kwenye komeo. Dirisha la nyuma yake nalo vile vile. Yote.

Alipanda basi mbele yangu. Kondakta, kijana wa kofia iliyogeuzwa, akamzuia mlangoni.

"Mama, tiketi."

"Ile pale, imekaa dirishani. Nimeizaa mwenyewe."

"Mama, wasindikizaji wanabaki chini."

"Nani katoboa haya madirisha?"

"Gereji. Vibaka wanapora simu za abiria kwenye foleni. Bosi kasema yote yafungwe."

"Gereji gani hiyo, ya vipofu? Mtu unatoboaje reli?" Alikuwa ameshampita. Akafungua mkoba, na kati ya kitambaa na dawa za kikohozi akatoa bisibisi. Sikushangaa. Kuna wanawake wanaotembea na marashi. Shangazi hutembea na bisibisi.

Kichwa cha skrubu kilikuwa kimeliwa na kutu. Bisibisi ikawa inateleza inazunguka bure. Dereva akawasha injini. Kondakta akaja nyuma yetu, sasa sauti imepanda: "Mama yangu, nisikilize, unaharibu mali ya kampuni."

"Mali hii nimeiunda mimi, wewe ukiwa bado tumboni. Nusu Cheti," akaniita mimi, hilo ndilo jina alilonipa tangu nilipoachana na chuo, "nipe hiyo raba ya mfuko wa mkate."

Nikampa. Akaitandika juu ya kichwa cha skrubu, akakandamiza bisibisi juu ya raba, akaegemeza mwili mzima. Abiria walikuwa wameshaanza kujipanga pande mbili: wengine wanamwambia kondakta amwache mama wa watu, wengine wanasema tutachelewa. Dereva akapiga honi. Shangazi akasaga meno, na skrubu ikalia kidogo, ikasogea, kisha ikaanza kutoka. Ilipodondoka kondakta aliiokota, akaitazama, akamshika shangazi kiwiko kwa adabu kabisa.

"Haya, shuka sasa, mama, nisije nikafukuzwa kazi."

Tulishuka basi likiwa linaanza kurudi nyuma. Shangazi akazunguka upande wa kivuli, nusu akikimbia, bisibisi mkononi. Dada alikuwa na mtoto kwenye mkono wa kushoto. Nikaona kidole gumba cha kulia kikienda kwenye komeo.

Tra-ta-ta. Tak.

Mkono mmoja. Mtoto hata hakushtuka.

Dirisha likawa wazi, na hapakuwa na kitu kati yao. Dada ameinama anamtazama mama yake. Shangazi amesimama mdomo wazi, na hakuna kinachotoka. Nilifikiri atasema maneno makubwa. Naye, nahisi, alifikiri hivyo. Basi likabadili gia, likaanza kwenda mbele, shangazi akatembea sambamba nalo, na bado kimya. Kisha mkono ukanyanyuka wenyewe, kidole kikaelekea chini, kwenye ukingo wa dirisha ambako vimiguu vya mtoto vilikuwa vimechomoza nje ya taulo.

"Mfunike miguu," akasema.

"Nini?"

"Mtoto. Miguu iko wazi. Upepo."

Dada akaangua kicheko. "Mama, upepo si umeingia na dirisha lako?"

"Mfunike tu."

Akamfunika. Mkono wake ukatoka nje, kinyume kabisa na kibandiko, ukapunga mpaka basi likakata kona.

Shangazi hakupunga. Alikuwa anakitazama kidole chake, ambacho bado kilikuwa kinaonyesha chini.

"Siku ile dada yako alikuwa na soksi moja," akaniambia taratibu. "Nilifika nayo huko moja. Nilimkasirikia baba yake kwa kuuliza ya pili iko wapi."



"Miguu," akasema. "Miaka yote hii nilidhani ni wosia."

"Na kama ilikuwa sufuria?"

Akanitazama, machozi yanamshuka na mdomo unacheka. "Ingekuwa sufuria, mama yangu angelifukuza lile basi mpaka huko huko," akasema, akarudisha bisibisi kwenye mkoba. "Twende. Na baba yako mkubwa umwambie kiwanja hakimo."