Kitufe Alichotegewa Msimamizi

Siku msimamizi alipoweka jina lake kwenye kazi ya wifi yangu, nilimshauri wifi arushe kikombe cha chai ukutani. Mimi ningekirusha. Yeye alikunywa chai yake mpaka mwisho, akasuuza kikombe, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Atajua hajui." Nilimwonea huruma yule mwanamume kwa muda mfupi sana.

Wifi ni mke wa kaka yangu, na ofisini tunamwita Vidole kwa jinsi anavyochapa. Kazi yetu ni kuandika sauti. Watu huleta rekodi za mikutano na mahojiano, nasi tunavaa hedifoni na kuchapa kila neno, hata la mtu aliyekuwa anaongea huku anatafuna. Ukipitwa na neno, unarudisha sauti nyuma. Zamani ilibidi uache kuchapa, ushike kipanya, utafute alama kwenye skrini, ubofye, urudi kwenye kibodi ukiwa umeshasahau ulichosikia. Ilikuwa kama mpishi kutoka nje ya jiko kila anapotaka chumvi.

Aliyeteseka zaidi ni mwenzetu tunayemwita Sikio. Macho yake yalififia polepole hadi yakazima, akabaki anachapa kwa kusikia tu, na anachapa safi kuliko sisi wengine. Ila kipanya hakimfai kitu, maana mshale wenyewe hauoni. Vidole akamtengenezea wijeti, kidirisha kidogo kinachokaa pembeni mwa skrini na kufanya kazi moja: ukibonyeza F8, sauti inarudi nyuma, hata kama uko ndani ya programu nyingine. Aliiandika kwa mistari michache ya skripti, yaani maagizo kwa kompyuta, akijifunza kwa kuharibu na kurekebisha. Sikio alipoijaribu alicheka peke yake kwa nguvu mpaka sote tukavua hedifoni. Haikuchukua muda, ofisi nzima ikawa inaitumia.

Msimamizi akaiomba, eti aihifadhi mahali salama. Iliporudi, chini ya kidirisha palikuwa na maandishi madogo: Imebuniwa na, halafu jina lake na cheo chake. Vidole alipouliza, akajibiwa kwamba kazi ya ofisi ni mali ya ofisi. Alipouliza kwa nini basi halikuandikwa jina la ofisi, akahamishiwa chumba cha nyuma, karibu na mashine ya fotokopi. Kisha tukasikia kuwa wakubwa wa makao makuu wanakuja kuiona hiyo wijeti, na ikiwapendeza, msimamizi atapewa umeneja wa tawi.

Hapo Vidole akapata pa kumshikia. Alinieleza tukiwa tunapanga foleni ya maji ya moto. Programu ikitaka mkato wa kibodi, yaani kitufe cha kuiita popote ulipo, lazima ijisajili kwenye kompyuta: F8 ni yangu. Iliyowahi ndiyo mwenye kitufe. Inayochelewa inakataliwa, na inakataliwa kimyakimya. Isipouliza kama imesajiliwa, haitajua kamwe. Wijeti ile haikuwa inauliza. Aliyejua hilo ni yeye tu, kwa sababu ndiye aliyeiandika, tena kwa haraka. Sasa angeweka wijeti ya pili, isiyoonekana, iwahi kukamata F8 na isifanye lolote. Msimamizi atabonyeza mbele ya wageni, na mashine itamkodolea macho.

"Atatoka jasho mpaka kwenye soksi," nilisema. "Mimi nitakaa mstari wa mbele."

Lakini kisasi nacho kina usumbufu wake. Jumamosi mchana nilimkuta sebuleni kwao, kwenye kompyuta ya kaka, uso umekunjamana. Mtego haukamati. Mwanzoni ulishika F8 pale tu kidirisha chake cha majaribio kilipobofywa. Ukihamia programu nyingine, unaachia. Alikuwa ameandika agizo la kusikiliza vitufe ndani ya kidirisha, badala ya lile la kusajili kitufe kwa kompyuta nzima. Akarekebisha, ukakamata mara moja, kisha ukakataa kabisa. Akapanga upya ili mtego uamke kabla ya programu zote. Bado. Mwisho akaongeza mstari wa kuuliza kama umesajiliwa, na jibu likaja kwamba kitufe kina mwenyewe.

"Mwenyewe nani?" akaifokea mashine. "Nimefunga kila kitu!"

Kaka akachungulia kutoka jikoni. "Mke wangu, hiyo kompyuta ina mapepo. Tangu asubuhi mchezo wangu wa magari umekataa kupiga honi. Nabonyeza F8, kimya."

Vidole akamtazama, kisha akafungua orodha ya programu zinazoendelea. Kumbe majaribio yake ya asubuhi hayakuwa yamekufa. Kila alipofunga kidirisha, skripti ilibaki hai chinichini imeing'ang'ania F8, kwa sababu hakuiandikia agizo la kuachia kitufe inapofungwa. Muda wote huo alikuwa anagombana na nafsi yake. Akaziua zote, akaongeza agizo la kuachia, akajaribu tena. Ukakamata! Tulikumbatiana kama watu walioshinda kesi. Kaka akauliza kama sasa anaweza kupiga honi, tukamwambia bado.

Siku ya wageni, wenzetu walipokwenda kula, Vidole akaingia chumba cha mbele na kuutega kwenye kompyuta ya maonyesho. Wageni wakaja. Msimamizi, na suti yake mpya, akaeleza jinsi alivyoumiza kichwa kubuni ile wijeti kwa ajili ya wafanyakazi wake. Alisema "wafanyakazi wangu" kama anayehesabu kuku. Mimi nilikuwa nimebana mikono magotini. Kaa, nilimwambia kimoyomoyo. Kaa ubonyeze.

Hakukaa. "Na ili muone faida yake kwa macho yenu," akasema, akamshika Sikio mkono na kumkalisha kwenye kiti cha kompyuta ile.

Hilo hatukuwa tumelifikiria hata mara moja. Kwa hasira tuliyokuwa nayo, kiti kile tulikiona na mtu mmoja tu.

Sikio akavaa hedifoni, akachapa, akabonyeza F8. Sauti ikaendelea mbele. Akabonyeza tena. Shingo yake ikakakamaa. Mama mmoja kati ya wageni akainama kuangalia skrini. Msimamizi akacheka kidogo.

"Mtuwie radhi," akasema. "Hali yake mnaiona wenyewe. Pengine tumechelewa kumtafutia kazi nyepesi."

Yule mama akatikisa kichwa kwa huruma, akamnong'oneza mwenzake kitu kuhusu kumpa kazi ya kupokea simu. Nikamgeukia Vidole. Alikuwa amesimama mlangoni. Akinyamaza, Sikio anapoteza kiti chake. Akisogea, msimamizi anaokoka.

Akasogea. Alimgusa Sikio bega, akainama juu ya kibodi, akaua mtego wake, akaifunga na kuifungua ile wijeti ili ijisajili upya. "Jaribu," akasema. F8 ikaitika. Sikio akachapa sentensi nzima bila kosa, wageni wakapiga makofi, na msimamizi akapanua mikono. "Hii ndiyo timu niliyoijenga," akasema. Nilitamani kumburuta kwa ile tai yake mpaka getini.

Wageni walipoondoka, Vidole alikuwa kwenye korido analia, na ninamjua, yalikuwa machozi ya hasira matupu. Sikio akaja akipapasa ukuta.

"Vidole."

"Nipo."

"Ilikuwa kazi yako, sivyo? Nilisikia ulivyogonga vitufe. Hukuwa unatafuta tatizo. Ulikwenda moja kwa moja."

"Nisamehe, ndugu yangu. Mtego haukuwa wako. Ulikuwa wa yule bosi. Nilipokuona umekalishwa pale, nilitaka ardhi inimeze."

"Kwa hilo sina neno." Lakini alikuwa na neno, mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama. "Kwa nini hukuniambia?"

"Sikutaka uingie matatani."

"Kila wageni wakija, yule mtu ananishika mkono na kunionyesha. Leo aliposema kazi nyepesi, nilikuwa nimeshavuta pumzi. Nilikuwa nasimama nimwachie kiti, nimwambie mbele yao wote: Bosi, si umeitengeneza wewe? Karibu uirekebishe." Akauegemea ukuta. "Ndipo ukanigusa bega."

Vidole akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilikiona akilini kile kiti kitupu, wageni wamegeuka wanasubiri, na msimamizi hajui hata aanzie wapi.

"Mimi ulinitengenezea kitufe ukidhani shida yangu ni kitufe tu," Sikio akasema. "Ulidhani mtu asiyeona hana bosi wa kumchukia?"