Fainali Chini ya Upenu

Redio ya kwanza katika kijiji chetu huko Gesima ilikuwa yangu, na niliiweka mahali pa kijinga kuliko pote: sebuleni kwangu. Kwa desturi yetu Wagusii, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mimi niliyerudi na digrii kutoka chuo kikuu Kampala sikulifikiria hilo mpaka betri ilipokwisha kufungwa na waya wa kunasia mawimbi kupandishwa juu ya mti.

Baba alipenda mpira kuliko mtu yeyote niliyemjua. Aliujulia Kericho, kwenye mashamba ya chai, akicheza bila viatu, na Kiswahili alikipata huko huko. Kenya ilipofika fainali ya mashindano ya Afrika Mashariki dhidi ya Uganda, aliniambia angetaka kuusikia mchezo ule mpaka kipenga cha mwisho. Hakuwa mtu wa kuomba vitu.

Ningeweza kuitoa redio uani. Nilisema waya haufiki, na kwamba kuku wataichafua. Ukweli ni kwamba nilitaka wenzangu waione mezani, juu ya kitambaa alichokifuma mke wangu. Basi baba akawekewa kiti nje, chini ya upenu wa mabati, na dirisha likaachwa wazi.

Ndani tulikuwa wanaume wa rika moja, na kwetu watu wa rika moja hutaniana bila mipaka. Mbele ya baba yako, hata neno "suruali" hulitamki ovyo. Nilipaswa kuwaonya kwamba yuko nje. Lakini mtangazaji alikuwa ameshaanza, nami nilikuwa nashughulika kuwaeleza uwanja wa Kampala, ambao kwa kweli niliutazama nikiwa nyuma ya mtu mrefu.

Mpaka karibu na mwisho walikuwa sare. Kisha mlinda lango wetu akauachia mpira uliokuwa tayari mikononi mwake, ukatoka nje kwa bahati tu. Jirani yangu, mwalimu wa shule ya misheni, akasema kwa sauti ya darasani:

"Mikono hiyo hushika nini usiku? Mkewe atuambie."

Wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, tena nikaongeza langu, ambalo siliandiki hapa. Ndipo nikasikia kiti kikisogezwa nje.

Nilipochungulia dirishani, baba alikuwa anateremka kando ya shamba la pareto, fimbo mkononi, bila kugeuka. Nyuma yangu Kenya ikafunga, wakanirukia na kunikumbatia. Sikuweza kumwita. Kumwita kungekuwa kukiri kwamba najua alichosikia, na aibu hiyo ingetukalia sote wawili.

Jioni nilikwenda kwake, nikasimama mlangoni kama mtu aliyetumwa, nikamuuliza kama alisikia vizuri.

"Mvua ile ilipiga mabati sana, mwanangu," akasema. "Sikusikia hata neno. Hebu nieleze."

Vumbi la njiani lilikuwa bado miguuni mwangu. Nikakaa, nikamweleza mchezo tangu mwanzo, na yeye, aliyekwisha kuusikia karibu wote, akawa anauliza nani alitoa pasi na nani alikosa. Nilipofika kwa mlinda lango nikamruka, nikaenda moja kwa moja kwenye bao. Baba, ambaye hakuwahi kukubali arukiwe hata kona moja, hakuuliza.