Matanga ya Monika

Samli ikianza kunukia motoni, mimi sioni chungu, naona kichwa cha mama. Kimenyolewa, kinang'aa juani, na shangazi anakipaka samli kwa kiganja huku anaguna. Sisi Wagogo tukifiwa tunanyoa, na ngozi ikishanyolewa lazima ilainishwe, maana upepo wetu wa kiangazi unakausha mpaka kope. Nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama tu wakati huo, sijaruhusiwa hata kwenda kisimani peke yangu. Lakini msiba ule naukumbuka kuliko yote iliyofuata, na ilifuata mingi, kwa sababu yule aliyeliliwa hakuna mtu kwetu aliyewahi kumwona kwa macho.

Ilikuwa enzi za Wadachi, kiangazi kile ambacho reli ilikuwa imeshapita Dodoma na kuelekea Tabora. Kaka yangu Masinga, kifungua mimba wa mama, alimwambia mama anamsindikiza rafiki yake mpaka kambi ya reli, atarudi kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Ng'ombe walikamuliwa, maziwa yakaganda, Masinga hakuonekana. Tukaja kusikia kwa wapita njia kwamba anabeba vyuma huko mbele na kila reli inavyosogea na yeye anasogea. Mama hakupiga kelele. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi mwingine uchungu wake anausaga pamoja na mtama. Alikuwa akipiga magoti penye jiwe la kusagia, na jiwe likienda na kurudi, nilimsikia akisema, "Mrudishe. Mrudishe." Ndiyo ilikuwa sala yake yote.

Mama alikuwa katika darasa la ubatizo pale misheni. Jioni, akimaliza kazi, alinishika mkono tukaenda. Taa ya mafuta ya nyonyo ilitoa moshi mwingi kuliko mwanga, na Mwalimu Yohana, mtu mweusi kama sisi aliyelelewa na misheni huko pwani, alitusimulia maisha ya Wakristo wa kale na jinsi walivyosali. Wazee walipenda hasa wale waliotupiwa simba, maana simba tulikuwa tunawajua. "Huyo simba alikuwa dume au jike?" mzee mmoja aliuliza, na Mwalimu akarudi kupekua kitabu. Kila anayetaka ubatizo alichagua jina miongoni mwa hao watu wa kale, na siku ya kubatizwa alitakiwa aweze kueleza huyo mtu aliishije.

Jioni moja ikaja hadithi ya Monika. Mama aliyekuwa na mwana mmoja, Augustino, mwenye akili na kichwa kigumu. Mwana akataka kwenda ng'ambo, mama akamfuata mpaka pwani, mwana akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki yake tu, kisha akapanda chombo akaondoka. Nilihisi mkono wa mama unanibana. Mwalimu akaendelea: Monika alilia na kusali miaka mingi, mpaka mwana akamrudia Mungu na kumrudia mama yake. Hapo Mwalimu akafunga kitabu.

Tulipotoka mama alimfuata.

"Mwalimu, huyu Monika kaya yake iko upande gani?"

"Mbali, mama. Kaskazini kabisa."

"Ng'ambo ya bahari?"

"Hapana, kwao ni Afrika hii hii."

"Basi kwa miguu kunafikika," mama akasema.

Mwalimu alicheka, akadhani ni mzaha, akaenda zake kula. Naye hakuwa mtu mbaya. Lakini kwetu hadithi ya mtu husimuliwa pamoja na ukoo wake na kaya yake, na asiyeambiwa kwamba mtu amekufa anajua yuko hai. Mama alianza kujiandaa. Alitenga unga wa uwele, akachagua kibuyu kizuri cha maziwa mgando. Alitaka kukaa na mwanamke mwenzake aliyerudishiwa mwana, amuulize alisali vipi, kwa maneno gani. Shangazi, dada yake baba, mwanamke wa maneno, alimtania kutwa: "Wifi, ukifika kwa huyo rafiki yako usisahau kumwuliza kama ana dume wa kutuazima!"

Asubuhi ya safari tulipitia misheni kuaga. Mwalimu alipoona kibuyu mgongoni ndipo alipoelewa. Uso ulimbadilika.

"Mama, yule alikwisha kufa."

"Lini?"

"Zamani sana. Kabla babu wa babu yako hajazaliwa."

Mama alikaa chini pale pale vumbini, miguu ameinyoosha kama wanavyokaa wafiwa. Alikitua kibuyu pembeni. Halafu akasema, "Nimechelewa kupata habari. Lakini msiba ni msiba."

Akarudi nyumbani akanyoa.

Shangazi aliposikia alikuja mbio, mikono kiunoni. "Sasa wifi unalilia mifupa ya watu wa wapi?" Mama akamjibu, "Huyu alilia kama mimi, na mimi sikumwambia pole." Shangazi akaguna, akatafuta samli, akampaka. Jirani wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakakaa chini, wakauliza marehemu ni wa ukoo gani, na mama akajibu, "Ni mama yake Augustino." Hata Bibi Zainabu wa Kondoa, aliyekuwa akipita na tumbaku yake, aliweka mzigo mlangoni akaingia. Mmoja akamnong'oneza kwamba huu ni msiba wa Kikristo, tena wa kale. Akasema, "Kwani aliyekufa hana mtoto? Basi pole yake inafika." Akakaa nasi mpaka jua likapinda.

Habari zilimfikia Mzungu wa misheni. Akamwita mama, akamwambia kwamba kunyolea wafu ni mambo ya mizimu, na mtu wa mizimu habatizwi. Asubiri kundi lingine. Mwalimu Yohana ndiye aliyetafsiri, alikuwa anatazama viatu vyake. Maneno mawili tu kutoka kwake yangetosha, kwamba yeye ndiye aliyemwacha mama aamini Monika yu hai. Hakuyasema. Mama alijibu, "Nywele zitaota. Nitangoja."

Nywele ziliota. Lakini kabla ya kundi lingine kubatizwa vita vya wazungu vilifika, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, ng'ombe wakachukuliwa, mvua nayo ikagoma. Wahenga walisema kawia ufike, ila hawakusema njaa inangoja nani. Mama alikufa akiwa bado mwanafunzi wa ubatizo, bila jina la Monika alilolililia, akazikwa penye zizi letu na siyo makaburi ya kanisa.

Wadachi walikuwa wameshaondoka Masinga aliporudi, amekonda, ndevu zimemjaa. Alisimama uani akauliza, "Mama yuko wapi?" Shangazi akamwonyesha zizi. Kaka yangu alikaa chini, akanyoosha miguu, akaniomba wembe. "Nimechelewa kupata habari," akasema. Yale maneno hakuna aliyemfundisha. Nilikwenda kutafuta samli ya kumpaka, na kaya nzima haikuwa na tone.

Mimi nilibatizwa, sijaliacha kanisa na sitaliacha. Kusoma nimejifunza ukubwani, katika madarasa ya jioni ya akina mama, na kitu cha kwanza nilichosoma bila kusaidiwa ni maisha ya Monika. Nikakuta kitu ambacho Mwalimu Yohana hakukifikia jioni ile, kwamba Monika alikufa safarini, hakurudi kwao tena, lakini mwanawe alikuwa kando ya kitanda. Nilifunga kitabu nikakaa nacho mapajani. Wanangu wanayajua maisha hayo yote kwa moyo, wanayakariri shuleni haraka haraka kama majina ya stesheni. Siku hizi habari ya kifo inakuja na treni, inafika upesi, na upesi vilevile watu wanarudi sokoni Majengo, pale Dodoma mjini. Binti yangu aliniona nafuta macho akasema, "Mama, si alikufa zamani huyo?"

Nikamwambia ndiyo, zamani. Kisha nikamtuma aniletee samli.