Rubani wa Kompyuta ya Mama

Radi ya msimu wa mvua iliunguza tundu la waya wa intaneti kwenye kompyuta ya mama yangu, kule Naviundu. Kompyuta ni ya zamani, bado ina ule mfumo wenye kilima cha kijani na mawingu, na mama hataki kuubadili kwa sababu programu yake ya kudarizi haikubali mwingine. Dada yangu aliyeolewa Kolwezi humtumia michoro ya maua, naye huidarizi kwenye nguo za kwaya. Nikanunua kadi ya mtandao ya mitumba, nikaifunga. Kompyuta haikuitambua.

Nikamweleza mama kwamba kadi ni nzima, ila inakosa pilote. Ndivyo tunavyoiita kwa Kifaransa ile programu ndogo inayoiendesha, kwa neno lilelile la rubani wa ndege.

Mama akaacha sindano. "Pilote? Tutamupata wapi?"

Nikaona alikoelekea. Binti mwema angemrudisha njiani. Mimi nikakaza uso nikasema, "Inaomba wa zamani, mama. Ba sasa habajue hii machine."

Wiki nzima nilihangaika kazini kutafuta programu hiyo. Ya kwanza ilikuwa ya mifumo mipya, haikufaa. Hatimaye nikapata inayofaa, nikaitia kwenye flashi.

Jumamosi nilimkuta mzee mmoja sebuleni kwa mama, shati limepigwa pasi, kofia magotini. Alikuwa rubani mstaafu wa ndege ndogo, mjane, na rafiki wa mama wa parokiani, aliyeombwa rubani wa zamani, ndiye aliyemtuma. Jikoni bukari, ugali wetu, na samaki vilikuwa tayari. Mzee aliuliza kwa heshima ndege iko wapi. Mama akafunua kitambaa, akamwonyesha kompyuta.

Mzee akainama, akaitazama kompyuta kwa nyuma. Nami sikuwasaidia. Nilimvutia mzee kiti, nikachomeka flashi, nikamwelekeza pa kubonyeza. Kwenye orodha ya vifaa, kadi ilikuwa na alama ya njano. Alipoichagulia ile programu, kompyuta ikaonya kwamba haijathibitishwa, ikauliza kama aendelee.

Mzee akaondoa mkono kwenye kipanya. "Tukiendelea, tutaanguka?"

"Hapana, papa."

Akabonyeza. Alama ya njano ikatoweka, na baada ya muda waridi za dada yangu zikaanza kuingia. Mzee alinyoosha mgongo kama aliyetua salama. Mama hakuangalia waridi, aliniangalia mimi.

"Wewe ulijua."

"Mulitafuta pilote, mama. Mulimupata."

Mezani mzee alipewa samaki mzima. Mimi nikapewa mkia, na kazi ya kuosha sahani. Nikiwa kwenye beseni nilimsikia akimsimulia mama jinsi mbuzi walivyokuwa wakifukuzwa uwanjani Lukafu ili atue, na mama, ambaye hajawahi kupanda ndege, akimuuliza maswali mengi kuliko aliyowahi kuniuliza mimi kuhusu kompyuta.

Siku hizi huja kila Jumamosi. Anasema anakagua kadi.