Figo Zangu Zilianza Kunyimwa Tumboni

Siku niliyoambiwa nina presha naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mimba ya kwanza ya miezi sita, nimekaa kliniki Njombe nimejifunga blanketi. Nesi akanipima, akarudia, akaenda kumwita daktari, mama mtu mzima aliyevaa sweta juu ya koti jeupe.

"Binti, ulizaliwa na kilo ngapi?"

Nikacheka. Mwanangu, mimi shule niliishia la nne, nikaona swali la kipuuzi. Kilo za kuzaliwa zinaingiaje kwenye presha? Tena nilijua presha ni ya matajiri wanene wa mjini, siyo ya mchimba viazi mwembamba kama mimi.

Aliyejibu ni shangazi Yusta, dada wa baba, aliyenisindikiza. Akajibu kwa maringo kabisa.

"Kilo moja na nusu tu! Ndiyo maana tukamwita Kadodo, kadogo. Mama yake nilimsimamia mwenyewe. Ugali nusu, mayai hapana, nyama hapana. Mtoto katoka kama anateleza, mama hakushonwa hata uzi mmoja. Na huyu namsimamia hivyohivyo."

Daktari akaweka kalamu mezani. "Ulimnyima mama, sasa unamnyima na mwana?"

"Nimewaokoa na kisu, wasipasuliwe!"

"Umewapunguzia watoto figo, bibi."

Akatueleza taratibu. Figo hutengenezwa mtoto akiwa tumboni, na ndani yake kuna vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho. Anayezaliwa mdogo mno mara nyingi huja na vichujio vichache, na haviongezeki tena hata ukimlisha ng'ombe mzima. Hivyo vichache vinabeba kazi yote, vinachoka, vinakufa, presha inapanda. Siyo kila aliyezaliwa mdogo anaugua, alisema, lakini hatari yake ni kubwa kuliko ya wenzake, na hawezi kujua bila kupimwa. Akaniandikia vidonge.

Tulipofika nje shangazi akasonya. "Yeye mwenyewe kazaa wangapi? Twende."

Na mimi, mjinga, nikamfuata. Nikaendelea kula nusu. Binti yangu akazaliwa hajafika kilo mbili, watu wakapiga vigelegele kwamba sikupasuliwa. Vidonge nikaviacha, maana sikusikia maumivu popote.

Maumivu yalikuja baadaye, ya kichwa, tumeshahamia Makambako. Gaudensi wa duka la dawa aliniuzia vidonge vya maumivu miaka na miaka. "Meza hivi mama, utalima mpaka jioni." Hakuwahi kuuliza presha yangu, hakuwahi kusema kwamba dawa zile ukizizoea zinaumiza figo. Nilikuja kushtuka nimevimba uso na miguu. Wakanipima damu na mkojo wakasema figo zimebaki kama robo.

Watu wananiambia nisamehe, nisitaje majina. Nitataja! Namtaja Yusta. Namtaja Gaudensi. Namtaja baba yangu, aliyekula nyama mbele ya mke mwenye mimba akaita mila. Najitaja na mimi, niliyeambiwa ukweli nikaucheka.

Juzi Yusta kaja kwangu, kamkuta binti yangu naye ni mjamzito, anakula maharage. Akavuta ile sahani. "Punguza, mjukuu wangu, utapasuliwa."

Nikamshika mkono. "Shangazi, leo nakuvunjia heshima. Na ukirudia nitakuvunjia tena."

Kasusa, kaondoka bila kuaga. Aende! Binti yangu alimaliza maharage yale nikamwongeza.

Basi mwanangu, ukiwa na mimba kula, nenda kliniki mapema, na atakayekunyima chakula umkatalie hata kama ndiye aliyekulea. Mtoto akishindwa njia, kisu kipo na kovu linapona, figo haziongezeki. Muulize mama yako ulizaliwa na kilo ngapi. Kama ulikuwa mdogo, pima presha hata ukiwa mwembamba, hata ukijisikia mzima, punguza chumvi, na vidonge vya maumivu usivizoee. Ukipewa dawa ya presha, usiiache kwa sababu huumwi. Mimi ndivyo nilivyofanya.

Mungu akujalie mtoto mzito wa kukuchosha mikono, na akufikishe uzee ambao mimi sina hakika nao.