Kilti bila mkoba ni sketi tu, asema fundi wa Free Area

Saa moja na nusu asubuhi, Najwa Alamin anachana manyoya ya mbuzi kwa chanuo la watoto. Anachana taratibu kuelekea chini, anapuliza vumbi, kisha anainua kazi yake kwenye mwanga wa mlango. Ni mkoba wa ngozi, mpana kama viganja viwili, wenye mnyororo wa kufungwa kiunoni.

Huu ndio ule mkoba ambao wanaume wa Uskoti huuning'iniza mbele ya kilti, vazi lao la marinda. Wenyewe huuita sporani. Katika duka hili la ushonaji mtaani Free Area, Nakuru, unaitwa mkoba tu.

"Watu huniuliza kama ni lazima," anasema. "Mimi huwaambia, vaa kilti bila mkoba siku ya upepo, halafu uje tuongee."

Najwa, mwenye umri wa miaka 44, ni mzaliwa wa Nakuru. Babu yake alitoka Lamu akifuata kazi ya reli, akaoa, akazikwa hapa hapa. Kwa miaka 19 mjukuu huyu ameshona sare za shule. Januari mashine haipoi. Ikifika Juni, mwezi mzima unaweza kumpa shilingi elfu nane, na kodi ya duka pekee ni elfu tano na mia tano.

Ndiyo maana mwaka jana, bendi ya kanisa moja la mtaani ilipotaka kilti nane, hakusita. Kiongozi wa bendi, Kibii, ni mwanajeshi mstaafu anayepiga zumari, zile za mfuko wa hewa unaobanwa kwapani. Alikuja na picha kwenye simu. Kitambaa cha sufu kilikuwa ghali mno, wakakubaliana kutumia kile chepesi cha miraba cha sketi za wasichana wa shule. Marinda Najwa aliyajua hata akiwa amefumba macho.

Katika picha, kila mwanamume alikuwa na mkoba. Aliyeukataa ni katibu wa kamati ya kanisa, mwalimu mstaafu Muiruri.

"Mama Samsam," alimwambia, akimwita kwa jina la bintiye mkubwa, "huo mfuko unapeleka macho ya waumini mahali hayana kazi. Tushonee kilti peke yake."

Najwa alishona bila kubisha. "Mteja ni mteja," anasema. "Lakini roho haikutulia. Nilikuwa naona kitu hakijaisha."

Bendi ilialikwa Gilgil kuongoza maandamano ya kufungua kanisa jipya. Gilgil ina upepo wake, usiopiga hodi. Katikati ya barabara ulipita mbele ya safu, na zile kilti nyepesi zikainuka zote kwa pamoja. Kibii aliachilia zumari ili ashike vazi lake, nayo ikalia kama ng'ombe mgonjwa hadi ikanyamaza. Bahati nzuri, wote walikuwa na kaptura ndani.

Wasichana waliokuwa wakiuza viazi kando ya barabara walicheka. Mmoja akauliza, "Niaje, nyinyi mko Fomu ngapi?"

Jumanne iliyofuata, Kibii alirudisha kilti zote nane ndani ya gunia.

"Vijana wamekataa," alimwambia Najwa. "Wanasema ni sketi. Kamati imeamua uzikate, uwashonee vizibao."

Najwa alilitazama gunia. Kila rinda lilikuwa limepigwa pasi kwa mkono wake, na mtaani watu walishaanza kusema kuhusu fundi aliyewavalisha wanaume sare za wasichana.

"Nipe wiki mbili," akasema.

"Za nini?"

"Za kumaliza kazi."

Alichokuwa akikumbuka ni kiuno cha babake. Marehemu mzee Alamin alivaa kikoi nyumbani maisha yake yote, na juu yake mshipi mpana wa ngozi wenye mfuko mbele. "Hakuna mtu aliwahi kumwambia ni mkoba wa kike," Najwa anasema. "Nguo ya kufunga kiunoni haina mfuko na haina uzito. Mshipi ulimpa vyote viwili."

Alinunua ngozi za mbuzi, na fundi viatu jirani akamwonyesha kushona kwa sindano mbili. Mikoba mitatu ya kwanza iliharibika. Wa nne aliutia vipande vya risasi, ile metali nzito, chini, ndani ya pindo, akamvalisha Kibii na kwenda naye mbele ya kamati.

"Mwalimu," alimuuliza Muiruri, "funguo zako za nyumba ziko wapi?"

"Mfukoni."

"Kilti haina mfuko. Kibii aliweka zake ndani ya soksi siku ile ya Gilgil."

Muiruri aliuomba mkoba. Akaupima kwa mkono, akaufungua, akatia miwani yake ndani na kuufunga tena. Akamtazama Kibii akitembea chumbani. Miraba ilikuwa imetulia mbele kama pazia lenye uzito.

"Haya," akasema. "Lakini manyoya yapunguzwe."

Najwa aliyapunguza, kidogo, akashona na mikoba mingine. Vijana walipoiona mikoba wakazichukua kilti zao wenyewe.

Hata hivyo, Najwa hakuwa sahihi kwa kila kitu. Chepchumba, msichana anayepiga ngoma kubwa, alilalamika kwamba mkoba unagongana na ngoma. Najwa akamjibu kuwa sare ni sare, wote wafanane. Baada ya Jumapili mbili Chepchumba aliileta ngoma dukani, imekwaruzwa na kifungo cha chuma, na paja lake lina alama nyeusi.

"Hapo nilikosea," Najwa anakiri. Aliongeza pete kwenye mnyororo ili mpiga ngoma ausogeze mkoba hadi nyonga. "Kuvaa, avae. Lakini si lazima mkoba ukae mbele kwa kila mtu."

Tangu wakati huo ameshona mikoba 31, mingi ikienda kwa bendi za Njoro na Naivasha. Mpango wake ni kukodi chumba cha pili, mtaani Section 58, kwa kazi za ngozi pekee, ili asiishi kwa kungoja Januari. Anataka kuwavalisha maharusi.

Simu inalia tukiwa bado tunazungumza. Ni Karanja, kijana wa Molo atakayeoa Desemba kwa kilti. Marafiki wamemwambia mkoba ni wa bendi tu.

"Ni lazima kweli, mathe?" anauliza.

"Siku hiyo pete utaiweka wapi?"



"Nakuja Jumamosi unipime," Karanja anasema.